Kila Kifananacho na Ubaya

Candida hakuanza kumdharau mumewe kwa siku moja. Dharau ni kama maji ya mafuriko ya Jangwani: yanapanda taratibu, wewe unadhani ni tope la kawaida, ukija kushtuka godoro linaelea. Lakini ukimuuliza mwenyewe ilianzia wapi, atakwambia bila kufikiri kwamba ilianza na ile Biblia ya Kiingereza.

Beno alikuwa muuza mabegi Kariakoo, na kwenye mabegi hakuwa na mpinzani. Angebaki huko huko kwenye mabegi, watu wangeishi kwa amani. Ila mwanamume huyu alikuwa na njaa ya cheo. Kwao Mbinga alibatizwa dhehebu jingine kabisa. Alipofika Bongo akaona kwenye dhehebu lile foleni ya vyeo ni ndefu, akahamia kanisa moja dogo la Ilala, ambalo mtu akivaa suti Jumapili mbili tatu mfululizo wanamwita mzee wa kanisa. Na kweli wakamwita, wakaja wakamfanya na katibu wa wazee. Candida alimfuata, maana ndoa ni ndoa, na yeye ndiye aliyekuja kulipenda lile kanisa kwa dhati. Aliwapenda akina mama wenzake, aliipenda kwaya, alipenda hata viti vyake vya plastiki vinavyonata mgongoni wakati wa joto.

Biblia yenyewe Beno aliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Ilikuwa na jalada jeusi na Kiingereza cha kale ambacho Waingereza wenyewe wameshakiacha. Na Kiingereza cha Beno, tuseme ukweli, kilikuwa cha kuelewana na wateja wa Zambia juu ya zipu na magurudumu ya begi. Akawa anasoma na kamusi pajani, mate yanamtoka. Huko ndiko alikokuta kwamba pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inamwambia Mkristo ajitenge na ubaya wa kila namna, kile Kiingereza chake kinamwambia ajiepushe na kila muonekano wa ubaya. Aliruka kitandani kama aliyeumwa na siafu.

"Kumbe miaka yote tumepunjwa," akamwambia mkewe. "Mama Ritha, kazi siyo ubaya. Kazi ni kuonekana."

Candida alimuuliza kama waliotafsiri Kiswahili walikuwa vipofu. Beno akajibu kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni, haina kina cha kubeba mambo ya rohoni. Msikie huyo! Mtu aliyetongoza kwa Kiswahili, akaoa kwa Kiswahili, akajenga nyumba kwa Kiswahili, leo Kiswahili hakina kina.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi, akausoma ule mstari kwa Kiingereza, akaufasiri anavyojua. Kanisani mtu akisoma Kiingereza mbele, wasiokijua ndio wanaosema amina kwa nguvu zaidi. Haukupita muda ikaundwa Kamati ya Ushuhuda, mwenyekiti wake Paskalina, mama mmoja ambaye hata kabla ya kupewa kamati alikuwa anaamka kujua nani kalala wapi. Ukimpa mtu kama huyo kazi ya Mungu ya kuchungulia, umempa chizi kiberiti.

Wakaanza kutenga watu. Kwa wale wasiojua desturi hiyo: ukitengwa, jina lako linasomwa mbele ya kanisa pamoja na kosa lako, unahamia viti vya nyuma mlangoni, hupewi meza ya Bwana, huimbi kwaya, na watu wanakusalimia kwa kuinua nyusi tu. Mpaka ifike siku ya kurudi kundini, usimame mbele, uulizwe kama unatubu, nawe ujibu kwa sauti, ndipo wazee wakupe mkono. Zamani walitengwa waliofumaniwa na waliotelekeza watoto. Sasa akatengwa kijana wa kwaya kwa kunywa soda iliyokuwa kwenye chupa inayofanana na ya bia. Akatengwa bibi mmoja mtu mzima kwa kujikinga mvua barazani kwa gesti, kana kwamba alitakiwa kuloa mpaka mifupa ili Paskalina aridhike. Kosa linasomwa: "Ameonekana." Ameonekana anafanya nini? Ameonekana, basi.

Na hapo hapo kulikuwa na mwanamume mmoja, mzee wa kanisa vilevile, anampiga mkewe mpaka mama wa watu anakuja ibadani na miwani ya jua. Huyo hakuguswa. Anapigia ndani, mlango umefungwa, nani kamwona?

Candida alikwenda kwa Mchungaji. Hakuwa mtu wa makeke, alikwenda kwa adabu, akamuuliza Biblia ipi inasema kweli. Mchungaji alikuwa amesoma chuo cha theolojia, na alijua. Alimweleza vizuri kabisa kwamba neno la Kigiriki pale linaweza kubeba maana ya umbo, au sura, au aina, na kwamba wataalamu wengi wanaona Paulo alikusudia aina, kwamba ubaya uje kwa mtindo wowote, uuache. Akasema tafsiri nyingi mpya za Kiingereza nazo zinasema hivyo hivyo, kama Kiswahili chetu. Candida akafurahi, akamuuliza basi kwa nini hawaambii watu. Mchungaji akachezea saa yake. Akasema Mzee Beno ana bidii, ndiye anayesimamia ujenzi, na kwamba kuwa na tahadhari nyingi si dhambi. Candida alitoka pale amejua kitu kimoja: yule mwingine hajui anachosema, huyu anajua na hasemi. Akashindwa kuamua nani wa kumtemea mate kwanza.

Sasa Beno alikuwa na mdogo wake, Ignasi. Tumbo moja, ziwa moja. Ignasi alikuwa mchoma nyama kwenye baa ya dada mmoja anaitwa Sofia, karibu na mtaa wa Msimbazi. Pombe hakuwa anaonja hata kwa bahati mbaya, maana alikuwa na kisukari, anajidunga sindano kila siku. Shida ya ule ugonjwa, sukari ikimshuka, jasho linamtoka, miguu inapepesuka, ulimi unakuwa mzito, anaongea maneno hayaeleweki. Ukimtazama tu, unamwona mlevi chakari. Na kumtazama tu ndiyo ilikuwa dini ya kaka yake. Beno alishaacha kumtembelea. Alimwambia mkewe kwamba katibu wa wazee kuonekana anaingia baa ni msiba, hata akiingia kumwombea mtu.

Jumamosi moja mchana Sofia akampigia Beno simu: Ignasi sukari imeshuka, amekunywa maji ya sukari amerudi kidogo, lakini aje mtu wa kwao amchukue akapumzike. Beno alikuwa nyumbani, hana kazi yoyote, amevaa msuli anakata kucha. Akamwita mkewe.

"Mama Ritha, nenda wewe. Mimi unajua nafasi yangu. Pitia mlango wa nyuma, kule kwenye makreti."

Candida alikwenda. Hakwenda kwa ajili ya Beno, alikwenda kwa ajili ya shemeji yake, mtu mpole ambaye kila Krismasi alimletea mbavu za mbuzi akasahau kabisa kwamba kaka yake hampokei simu. Mlango wa nyuma wa baa ile ulikuwa unatazamana na gesti, wametenganishwa na uchochoro mwembamba. Akatoka na Ignasi, mkono wa Ignasi begani kwake, mkono wake yeye kiunoni mwa Ignasi, mwanamume anayumba na kuongea maneno ya hovyo. Na mwisho wa uchochoro, kama aliyeagizwa, Paskalina, na mfuko wa mchicha.

Candida hakuhangaika. Alimsalimia. Alijua mumewe ni katibu, mumewe ndiye aliyemtuma, mumewe atasema neno moja na mambo yataisha. Maskini ya Mungu, bado alikuwa na imani kidogo na yule mtu.

Kamati ilikaa. Beno alirudi kutoka kwenye kikao amenywea, akakaa mezani, akaomba chai. Candida akamuuliza kama amewaeleza. Beno akapuliza chai muda mrefu. Akasema alitaka kuwaeleza, ila akatafakari: katibu akianza kumtetea mkewe, watu watasema anapendelea. Itaonekana vibaya. Na akisema yeye ndiye aliyemtuma, itaonekana katibu wa wazee ana uhusiano na baa. Alimwomba avumilie tu. Kutengwa siyo kufa.

Candida alimtazama yule mwanamume, akamtazama kuanzia upara mpaka ndala, na akajisikia vibaya kwamba amewahi kumwogopa. Hasira angeielewa. Hii haikuwa hasira. Ilikuwa ni kile unachokisikia ukikanyaga kitu laini gizani. Alichukua kikombe kikiwa bado na chai, akakimwaga, akakiosha.

Jumapili Beno alisimama na suti yake, akasoma jina la mkewe kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya semina. Ameonekana akitoka eneo la baa na gesti akiwa amekumbatiana na mwanamume mlevi. Hakusema kwamba mwanamume huyo ni mdogo wake. Kanisa likaguna. Candida akabeba pochi yake, akahamia viti vya nyuma, karibu na yule bibi wa mvua. Bibi akamsogezea kiti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Karibu, mwanangu. Huku kuna upepo." Ndiyo faraja pekee aliyoipata kwenye lile kanisa kwa muda mrefu.

Angeondoka siku ile ile, tatizo lilikuwa Ritha. Binti yao alikuwa anafunga ndoa baada ya Pasaka, hapo hapo kanisani, na mama aliyetengwa haruhusiwi kusimama mbele kumkabidhi mwanawe. Ritha alilia kwenye simu. Alimwomba mama yake aseme tu hilo neno, mama, ni neno moja tu, useme ndiyo natubu, yaishe. Candida alimjibu kwamba akisema anatubu, watu wote watajua kwamba kweli alikuwa na mlevi gesti, na litabaki hivyo mpaka anazikwa. Ritha akaendelea kulia. Mama ni mama. Candida akakubali.

Siku ya kurudi kundini alivaa sare ya umoja wa wanawake, kitenge cha buluu na kilemba chake. Simu aliifunga kwenye leso mkononi, ameizima sauti. Mbele, wazee wameketi nyuma ya meza, Beno katikati na karatasi zake na simu yake ameiweka juu ya Biblia ile nyeusi. Jina la Candida likasomwa. Akatoka nyuma, akapita katikati ya macho yote yale, akasimama.

Mchungaji alianza maneno ya utangulizi. Ndipo simu ya Beno ikawaka pale juu ya Biblia. Candida alikuwa amesimama karibu, akaiona. Beno aliitazama, akaisoma, akaigeuza kifudifudi. Ikawaka tena, mwanga unachungulia pembeni. Akaiwekea kiganja juu yake. Baada ya muda kidogo leso ya Candida ikatetemeka mkononi. Aliifungua pale pale mbele ya watu, jina la Sofia likasomeka, na akapokea.

Kanisa zima likavuta pumzi. Kupokea simu madhabahuni, siku ya toba!

Sofia alikuwa anahema. Alisema Ignasi ameanguka tena, na safari hii hasemi kabisa, anakoroma, amempigia kaka yake hapokei. Candida akamwambia asimmiminie soda mdomoni, atapaliwa. Amlaze ubavu, achukue sukari yenye maji kidogo kidoleni, ampake ndani ya shavu na kwenye fizi, arudie rudie, na atafute bajaji isubiri mlangoni. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kipaza sauti cha Mchungaji kikiwa hatua moja tu kutoka kwake, na kila mtu akayasikia.

Mchungaji akamuuliza taratibu kama wanaweza kuendelea. Je, Mama Ritha anatubu?

Candida hakumtazama Mchungaji. Alimtazama mumewe.

"Baba Ritha, mdogo wako ameanguka tena pale baa. Leo utaenda mwenyewe, au unanituma mimi kama siku ile?"

Hakupaza sauti. Hakuwa na haja. Kila kiti cha plastiki mle ndani kilisikika kinalia. Yule bibi wa mvua kule nyuma akasema "Ahaa," kwa kirefu, kama mtu aliyepata miwani yake iliyopotea.

Na ilikuwa ni sentensi moja tu iliyotakiwa. Beno angesema nilimtuma mimi, angesema twende, hata angesimama tu bila kusema kitu, Candida angemsamehe. Baadaye alikiri hivyo mwenyewe, kwamba pale alikuwa tayari kumsamehe, na alijichukia kwa utayari huo. Beno alipanga karatasi zake zikae sawa. Akajikohoza.

"Tumalizie ibada kwanza," akasema. "Tukitoka wote sasa hivi, itaonekana vibaya."

Candida alimfikiria Ritha. Alimfikiria kwa uchungu, akamwona na shela, akaona kiti cha mama kitupu. Kisha akageuka, akashika njia ya katikati, kitenge cha buluu na kilemba, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Hata wale waliomwonea huruma walibaki wamekaa, wanatazamana, kila mmoja anasubiri aone mwenzake ataonekanaje.

Bodaboda ilimfikisha Msimbazi akiwa amekaa kama wanavyokaa wanaume, sare imepanda magotini. Hakupitia kwenye makreti. Aliingia mlango wa mbele, ule wenye bango la bia kubwa kama mlango wenyewe, Jumapili mchana kweupe, mbele ya wauza matunda na wapiga debe na yeyote mwenye macho.

Ndani meza zilikuwa zimesogezwa. Ignasi amelazwa ubavu kwenye sakafu, kichwa kwenye kanga ya mtu, fulana imelowa chepechepe. Wahudumu wawili wanampepea kwa trei. Sofia amepiga magoti, kidole kimejaa sukari, machozi yanamtoka bila yeye kujua. Wateja walikuwa wameacha bia zao, mmoja ameshika mguu wa Ignasi kana kwamba atakimbia. Walevi, wahudumu wa baa, mchana wa Jumapili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia nani anamwona.

Candida akapiga magoti kando ya Sofia, wakabadilishana. Akampaka, akamsugua mashavu, akamwita jina. Ilichukua muda. Ignasi akaanza kumeza. Kope zikacheza. Candida akampa soda kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, mpaka mtu akarudi machoni mwake, akamtambua.

"Shemeji," akasema Ignasi. Sauti ilikuwa nyembamba. "Umependeza."

Wahudumu wakacheka na kulia kwa pamoja. Sofia akaenda kuangalia bajaji, akasimama mlangoni, akageuka kumtazama Candida kwa namna ya kumwita. Candida akainua macho.

Ng'ambo ya barabara, pembeni ya meza ya muuza vocha, alikuwa amesimama Beno. Amevaa suti yake, Biblia nyeusi kwapani. Hakuwa anaitazama baa moja kwa moja. Alikuwa ametazama upande, kama mtu anayesubiri usafiri, halafu anatupia jicho. Alipoona ameonwa, akafanya ishara ya mkono, mkono wenyewe chini chini usawa wa mfuko: mleteni huku. Mleteni huku kwangu. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye shingo. Kati yake na ndugu yake kulikuwa na barabara ya hatua chache, na hata gari hakuna, maana ilikuwa Jumapili.

Candida alimtazama mpaka mkono ule ukaacha kupunga. Hakumwonea hata hasira. Alishangaa tu jinsi mtu anavyoweza kuwa mdogo kiasi kile na bado akapata suti ya kumtosha.

Ignasi akajaribu kuinua kichwa, hakuweza kuona nje kutoka pale alipolala. Akamshika shemeji yake mkono.

"Kaka amekuja?"

Candida akampangusa jasho kwa ncha ya kilemba chake.

"Hapana," akasema. "Hajaja."